Taa Iliyofunikwa: Deni la Mwenye Motokari Nzuri

Kuna ulizo moja ambalo watu wanalizungusha kila mara motokari nyeusi ya kung'aa inaposimama mbele ya nyumba ya mtu: je, ni halali mtu kuketi juu ya kiti cha ngozi, akipulizwa na klima, wakati jirani yake anatembea kwa miguu na mzigo kichwani? Ulizo hilo si baya. Lakini mara nyingi linaulizwa na wivu na kujibiwa na majivuno, na hakuna anayepata faida. Leo tunaliweka kando. Tunataka kuuliza lingine lililo gumu zaidi: yule ambaye anayo tayari, iwe mpya au ya okazio, ana deni gani kwa wale wanaoketi ndani yake, na kwa wale wanaopita mbele yake?

Tuingie kwanza ndani tuangalie. Motokari ya namna hiyo imejaa vyombo, na vyombo vyenyewe ni vya makundi mawili. Kuna vyombo vya raha: klima, kiti kinachosogea kwa kubonyeza kidude, vioo vinavyopanda vyenyewe, redio yenye sauti nzuri, springi za hewa zinazofanya mashimo ya barabara yasisikike. Hivi vyote unavihisi kila siku. Klima ikiharibika saa nne asubuhi, mbele ya saa sita shofere ametumwa garaji. Kisha kuna vyombo vya usalama: mikanda, mifuko ya hewa iliyofichwa ndani ya usukani, mtambo wa ABS unaozuia mipira isikwame wakati wa kukanyaga freni kwa nguvu, kile kilalio cha kichwa juu ya kiti. Hivi vinakaa kimya. Mfuko wa hewa unaweza kukaa miaka 15 bila kufanya kazi hata mara moja, na siku inapofika, kazi yake yote inamalizika kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Mwanadamu ameumbwa hivi kwamba anatunza kile kinachomsemesha. Kile kinachonyamaza anakisahau. Kwa hiyo ndani ya miji yetu tunaona motokari ya bei kali ambayo klima yake inatoa baridi ya kutetemesha, na mikanda yake ya nyuma imesukumwa chini ya kiti tangu siku iliponunuliwa.

Hata waliozitengeneza walianza kwa raha. Mwaka 1963 kampuni ya Mercedes-Benz ilionyesha motokari iliyoitwa 600. Vioo vyake, viti vyake, hata kifuniko cha buti, vilisukumwa kwa mafuta yenye nguvu kubwa yanayopita ndani ya mabomba membamba, ili mkubwa aketiye nyuma asisikie hata mlio wa mota ndogo. Mpaka mwaka 1981 zilitengenezwa 2,677 tu, na waliozinunua walikuwa wafalme, maraisi na matajiri. Kioo cha motokari ile kilipanda kimya na kwa nguvu, wala hakikujua tofauti kati ya hewa na kidole cha mtoto. Na mafundi walioweza kutengeneza mabomba yale walihesabika kwa vidole. Yalipoanza kuvuja, motokari nyingi za wakubwa zilibaki zimelala chini ya miti. Ndugu zetu wa Afrika ya Mashariki, tunaosema nao lugha moja, waliwapa watu wa tabaka hilo jina la Wabenzi, na neno hilo halikuwa sifa.

Lakini tusiwe wakali kupita kiasi, kwa kuwa nyumba hiyohiyo ilifanya kazi nyingine. Injinia Béla Barényi aliandikisha mwaka 1951 wazo ambalo wengi walilicheka: kwamba pua na mkia wa motokari sherti vikubali kukunjamana, na chumba cha watu katikati kiwe kigumu. Watu walidhani motokari nzuri ni ile ngumu kama kifaru. Yeye aliona kwamba chuma kikikataa kukunjamana, pigo lote linamfikia mtu. Tangu 1959 motokari za namna hiyo zikaanza kuuzwa. Mwaka 1978 ukafika mtambo wa ABS, uliotengenezwa pamoja na kampuni ya Bosch. Na mwaka 1981 mfuko wa hewa wa shofere. Vyote viwili viliingia kwanza ndani ya motokari za bei ya juu, na mnunuzi alivilipia zaidi.

Upande wa mkanda, habari ni nyingine, na tunapenda kusimama hapo kidogo. Nils Bohlin alikuwa injinia wa Sweden aliyekuwa akitengeneza viti vya kuwarusha marubani nje ya ndege. Mwaka 1959, akiwa ndani ya kampuni ya Volvo, alitoa mkanda wa pande tatu, ule unaopita kifuani na kiunoni na kufungwa kwa mkono mmoja. Volvo ilikuwa na haki ya kuufungia wazo hilo na kuwadai wengine franga kwa kila mkanda. Ikaacha kila kampuni iutumie. Ndiyo sababu mkanda ulio ndani ya teksi kuukuu ya Bukavu ni wa namna ileile kama ulio ndani ya motokari ya raisi. Kitu kinachookoa watu kuliko vyote ndani ya motokari ya fahari ndicho cha bei ndogo kuliko vyote, na kilitolewa bure. Na ndicho watu wanachokidharau zaidi.

Sasa motokari hizi zimefika kwetu. Hazikufika mpya. Zimefika na miaka 10, 15, 20, kutoka Ulaya kwa bahari, au kutoka Japani kwa njia ya Dar es Salaam, na kule kwetu Katanga na Kivu nyingi zina usukani wa kuume ijapokuwa barabara zetu ni za kupita upande wa kuume. Mwenye kununua anapokea fahari ya mtu mwingine pamoja na uzee wake. Mpira wa springi za hewa umepasukapasuka. Mafuta ya freni hayajabadilishwa tangu mwenye kwanza. Na juu ya tabulo, ule ubao wa taa na saa ulio mbele ya shofere, kuna taa nyekundu au ya manjano inayokataa kuzimika.

Taa hiyo ndiyo kiini cha maneno yetu ya leo.

Wengi hawajui kazi yake. Ukifungua kontakti, motokari inajikagua yenyewe. Taa ya mfuko wa hewa inawaka, taa ya ABS inawaka, na baada ya sekunde chache zinazimika: maana yake mtambo umejiuliza na umejijibu kwamba uko tayari. Taa ikibaki inawaka, mtambo unasema, «Kuna kitu kimeharibika ndani yangu, msinitegemee.» Mara nyingi mtambo wa mfuko wa hewa ukiona kosa unajifunga, ni kusema siku ya ajali mfuko hautafunguka. ABS ikijifunga, freni za kawaida zinabaki, lakini mipira itakwama na kuteleza juu ya lami yenye maji, na shofere aliyezoea msaada ule atashangaa.

Je, watu wanafanya nini mbele ya taa hiyo? Wengine wanakwenda kwa fundi. Wengine wanazoea. Na kuna kundi la tatu: wanaobandika kipande cha karatasi nyeusi juu yake, au wanaomlipa fundi atoe balbu, au aiunge waya pamoja na taa ya oili ili zizimike pamoja. Huyu wa tatu tunamwambia wazi kwamba hakutengeneza motokari, ametengeneza uongo. Motokari ilikuwa shahidi wa kweli, naye amemziba kinywa. Na uongo huo haumdanganyi yeye, kwa kuwa yeye anajua. Unamdanganya mke wake anayeazima motokari siku ya sokoni, unamdanganya shofere mpya, na zaidi ya wote unamdanganya atakayeinunua kesho.

Sheria ya zamani ya Israeli ilikuwa na maneno mawili yanayofaa hapa. Moja linapatikana katika Kumbukumbu la Torati 22: mwenye kujenga nyumba mpya sherti azungushe ukingo juu ya paa, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Lingine katika Kutoka 21: ng'ombe akimpiga mtu kwa pembe na kumwua, mwenye ng'ombe hana hatia; lakini kama alikuwa amekwisha kuonywa kwamba ng'ombe yule ni mkali, naye hakumfunga, hatia ni yake. Tazameni namna sheria hiyo inavyotenganisha mambo. Ng'ombe ni yuleyule, pembe ni zilezile, maiti ni ileile. Kinachobadilika ni kujua. Aliyeonywa si sawa na asiyeonywa. Basi ile taa ya tabulo ni kitu gani kama si onyo, linalowaka kila siku mbele ya macho ya mwenye motokari? Mtu aliyebandika karatasi juu yake hawezi kusema siku ya msiba, «Sikujua.» Karatasi yenyewe itashuhudia kwamba alijua.

Hapa tunajua watu watatuletea mashindano.

Wa kwanza atasema: «Kila mtu ana saa yake. Kama siku haijafika, hata bila freni nitafika. Kama imefika, mkanda hautanisaidia.» Maneno haya yana sura ya imani, kwa hiyo yanadanganya wengi. Lakini mwangalieni msemaji. Anafunga mlango wake usiku kwa kufuli mbili. Anachemsha maji wakati wa kipindupindu. Analipa mlinzi. Imani yake juu ya saa iliyoandikwa inamjia wakati wa kufunga mkanda tu. Kujitupa kutoka juu ya hekalu kwa kutumainia malaika lilikuwa shauri la mjaribu, wala halikukubaliwa.

Wa pili atasema: «Franga hakuna.» Huyu tunamsikiliza kwa heshima, kwa sababu anasema kweli. Mfuko mpya wa hewa wa motokari kubwa unaweza kuwa na bei karibu na ile ya motokari yenyewe, na garaji yenye mashine ya kusoma makosa ya mtambo haipatikani kila mahali. Hatusemi kwamba mtu auze shamba kwa ajili ya mfuko wa hewa. Tunasema kuna mpango wa kutangulia na kufuata, na mpango huo ndio unaoonyesha moyo wa mtu. Freni, mipira, mikanda, usukani, taa za mbele: hivi vinatangulia klima. Na vingi vyake havina bei kubwa.

Chukueni mafuta ya freni. Ni kitu cha chupa moja. Mafuta hayo yana tabia ya kunyonya maji kutoka hewani, polepole, hata kama hakuna tundu lililo wazi. Yale yanayoitwa DOT 4 yakiwa mapya hayachemki mbele ya digri 230. Yakiisha kunywa maji, yanaweza kuchemka kwa digri 155. Kwa mtu anayezunguka mjini penye barabara tambarare, tofauti hiyo haionekani. Lakini mweke mtu huyo juu ya mtelemko wa Ngomo, akishuka kutoka Bukavu kuelekea Kamanyola na motokari yenye uzito wa tani mbili, na familia ndani, na mguu juu ya freni kona baada ya kona. Freni zinapata moto, mafuta yanachemka, mvuke unaingia ndani ya mabomba. Mafuta hayakubali kubanwa, lakini mvuke unakubali. Mguu unazama mpaka chini na motokari inaendelea. Hakuna sauti iliyotangulia. Ndiyo sababu watengenezaji wengi wanaagiza yabadilishwe kila miaka 2, na ndiyo sababu shofere mwenye akili anashuka na vitesi vidogo ili injini yenyewe imzuie. Chupa moja na nusu siku ya fundi! Bei hiyo haifiki hata ile ya gesi ya kujaza klima.

Mkanda nao unakaguliwa bure. Uvute kwa ghafula: sherti ukatae. Uuachie: sherti urudi. Uangalie kitambaa chake chote. Kama kimekatika nyuzi pembeni, au kama motokari ilikwisha kupata pigo kubwa, mkanda huo umemaliza kazi yake. Mipira pia ina maandiko yake. Tangu mwaka 2000, ubavuni kuna namba 4 za mwisho, mbili za juma na mbili za mwaka: 3508 ni juma la 35 la mwaka 2008. Mpira wa miaka mingi unaweza kuwa na meno mazuri na ndani umekufa. Wauzaji wa mipira ya okazio wanajua kuipaka rangi nyeusi ing'ae, lakini namba hizo hawazigusi, kwa sababu wanunuzi hawazisomi.

Tusidharau raha pia. Wahubiri wengine wanaitupa yote ndani ya kapu moja la anasa, na hilo si haki. Shofere aliyeendesha kutoka Kolwezi mpaka Lubumbashi ndani ya joto na vumbi, mgongo ukiuma, macho yakifumba, ni hatari zaidi kuliko yule aliyepumzika. Klima inakausha hewa. Wakati wa mvua, vioo vikifunikwa na ukungu wa pumzi za watu, ndiyo inayorudisha macho ya shofere kwa dakika moja. Basi hata wakati wa baridi yafaa kuiwasha mara kwa mara, ili mipira yake ya ndani isikauke na gesi isitoroke. Kiti kinachosogea ni chombo cha usalama kama kimewekwa sawasawa: kifua kiwe mbali na usukani kwa sentimeta 25 hivi, na kilalio cha kichwa kifike karibu na utosi. Tumeona wakubwa wanaokiteremsha mpaka shingoni kwa sababu kinawazuia kuonekana. Motokari ikipigwa kwa nyuma, shingo inavunjikia palepale pa kuonekana.

Na kuna jambo la mtoto. Kwetu kiti cha mbele ni kiti cha heshima, na mama mwenye kupakata mtoto anapewa kiti hicho kwa upendo. Ndani ya motokari yenye mfuko wa hewa upande ule, heshima hiyo ni mtego. Mfuko unafunguka kwa mlipuko, ndani ya sehemu 30 hivi za elfu moja za sekunde. Umepimwa kwa kifua cha mtu mzima aliyefungwa mkanda. Mtoto aliye juu ya magoti anakuwa kati ya mfuko na mama. Kile kikapu cha mtoto kinachogeuzwa nyuma kikiwekwa mbele, pigo linamfikia kichwani. Kwa hiyo mtoto nyuma, siku zote, hata kama mjomba mgeni atanuna.

Sasa tuseme juu ya shofere na bwana wake, kwa kuwa motokari kubwa kwetu mara nyingi haiendeshwi na mwenyewe. Nani ana amri ndani yake? Bwana anasema, «Ongeza mwendo, wananingoja.» Shofere anajua mpira wa nyuma umechoka. Anasema, «Ndiyo, Papa.» Akikataa, kesho hana kazi, akikubali na mtu akafa, anayefungwa ni yeye. Bwana amekaa nyuma, bila mkanda, akisoma karatasi zake. Anafikiri kwamba mkanda ni kwa watu wa mbele, na kwamba ukubwa wa motokari unatosha.

Usiku wa tarehe 31 Agosti 1997, ndani ya njia ya chini ya daraja la Alma mjini Paris, Mercedes S 280 iligonga nguzo ya tatu zaidi ya kumi. Ndani yake alikuwamo Diana, aliyekuwa mke wa mwana wa malkia wa Uingereza, pamoja na Dodi Fayed, mlinzi, na shofere Henri Paul. Motokari ilikuwa moja ya zile zenye ulinzi mwingi kuliko zote za wakati ule. Shofere alikuwa amekunywa pombe, na mwendo ulipita mbali sana kilometa 50 zilizoruhusiwa pale. Wachunguzi wa Uingereza walipata kwamba hakuna hata mmoja wa wale wanne aliyekuwa amefunga mkanda. Watatu walikufa. Mwaka 2008 baraza la waamuzi huko London lilitamka kwamba uendeshaji wa shofere yule na wa wale waliomfuata nyuma ulikuwa wa uzembe mkubwa, na likataja pia pombe na kukosa mkanda. Wengi wanapenda kuitafuta ndani ya habari hiyo siri kubwa. Sisi tunaona jambo dogo zaidi, na la kusikitisha zaidi: kati ya watu wanne, akiwemo mlinzi aliyelipwa kwa kazi ya kulinda, hakuna aliyewalazimisha wenzake wafunge.

Maana kumwambia mkubwa «fungeni mkanda, Papa» kunahitaji ujasiri. Inaonekana kama kumfundisha mzee kula. Tunafikiri deni hapa liko kwa mkubwa mwenyewe: sherti atangulie kumpa shofere ruhusa, kwa kinywa chake, mbele ya mashahidi, kwamba motokari haitaondoka mpaka wote wamefunga, na kwamba siku shofere akisema freni si nzuri, safari imekufa siku ile, hata kama waziri anangoja. Ruhusa isiyotolewa mbele haiwezi kutumika wakati wa haraka.

Wako pia wale walio nje. Tumesema sana juu ya waketiye ndani, lakini mama mwenye beseni la maandazi kando ya barabara hana mkanda wala mfuko wa hewa. Ulinzi wote umewekwa upande mmoja wa kioo. Na jambo la ajabu ni kwamba ulinzi wa wa ndani unaweza kuongeza hatari ya wa nje. Huko Munich, Ujerumani, walilinganisha teksi zenye ABS na teksi zisizo nayo. Zile zenye ABS hazikupata ajali kidogo kuliko zingine, kwa sababu mashofere wake, wakijua wana freni nzuri, waliendesha kwa ukali zaidi. Faida waliyopewa ili wasiumize mtu, waliitumia ili wafike upesi. Na wengi hawajui hata kwamba juu ya mchanga na changarawe, ni kusema juu ya sehemu kubwa ya barabara zetu, ABS inaweza kufanya motokari isimame mbali zaidi. Mwendo nao una hesabu yake: motokari inayokwenda 100 haina nguvu mara mbili ya ile inayokwenda 50, inayo mara nne.

Fikirini tena zile taa kali za motokari za Japani. Ziliundwa kwa nchi ambako watu wanapita kushoto, kwa hiyo mwanga wake wa chini unainuka kidogo upande wa kushoto, kuangaza ukingo wa barabara. Kwetu upande huo ndio anakotokea yule anayekuja. Mwenye motokari anasifu taa zake, na kila mwenye pikipiki anayekutana naye anakuwa kipofu. Fundi anaweza kuziteremsha kwa bisibisi. Ni kazi ya dakika kumi, lakini sherti kwanza mtu ajue kwamba uzuri wa taa yake unalipwa na macho ya mwingine.

Jambo la mwisho linatutia uchungu, kwa sababu linahusu watu walio mbali. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza mifuko ya hewa iliyowekwa ndani ya motokari nyingi za majina makubwa, kama BMW, Lexus, Mercedes, Toyota na Honda. Unga wake wa kulipuka uliharibika polepole ndani ya joto na unyevu, na baada ya miaka mfuko ungeweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma ndani ya uso na shingo ya mtu. Marekani peke yake walikufa zaidi ya 20, na mitungi milioni 67 ikaitwa kurudishwa. Kampuni ilifilisika mwaka 2017. Wenye motokari kule walitumiwa barua. Lakini motokari iliyokwisha kuuzwa na kupakiwa melini, barua yake ilikwenda kwa mtu asiyekuwa nayo tena. Joto na unyevu ni sisi tulio nao, na motokari zilikuja kwetu. Je, aliyeiuza bandarini alijua? Wengine hawakujua. Wengine walijua na wakafikiri kwamba bahari ni pana ya kutosha. Mwenye motokari ya miaka ile anaweza kuandika namba ya shasi na kuituma kwa mwakilishi wa kampuni, aulize kama iliitwa. Ni kosa kungojea barua.

Na mtu wetu anayetaka kuuza? Hapo deni linaonekana waziwazi. Motokari yake ina taa inayowaka. Akiionyesha, bei itashuka. Mnunuzi ni kijana aliyekusanya franga miaka sita kwa ajili ya kufanya teksi. Tunamwambia muuzaji atoe karatasi yake nyeusi mbele ya siku ya kuuza, aseme bei ya motokari jinsi ilivyo. Na kijana tunamwambia hivi: usianze kwa kuwasha klima wala redio. Keti mahali pa shofere, fungua kontakti bila kuwasha injini, na utazame tabulo. Taa zote ziwake kwanza. Hesabu polepole mpaka zizimike. Kama taa ya mfuko wa hewa haikuwaka hata kidogo, funga kontakti, mrudishie ufunguo, na umwulize ni nani aliyeitoa.